Anayetaka kuigiza: aanze na digrii au aanze na diploma?

MLETA MADA (mwalimu wa sekondari, Tanga)
Wadau, salaam. Kila matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakitoka, swali ni lile lile: mtoto ana kipaji cha kuigiza, mzazi anataka digrii, watu wa fani wanasema apelekwe diploma TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mimi nasimama na mzazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho tangu 1967, Makerere wana idara yao, Kenyatta nao wana yao. Mwenye digrii anaweza kufundisha, kuomba kazi ya afisa utamaduni halmashauri, au kuendelea na uzamili. Kuigiza peke yake hakulipi kodi ya nyumba kila mwezi. Anayepinga aje na vitu vinavyopimika.

MWONGOZAJI WA JUKWAA (Dar es Salaam)
Mwalimu, umetaka vipimo, basi tuanze na saa. Usisome kipeperushi cha chuo. Omba ratiba ya wiki ya mwaka wa pili. Futa kila kipindi ambacho mwanafunzi amekaa kwenye kiti anaandika. Yaliyobaki ndiyo mafunzo ya mwigizaji: sauti, mwili, uhusika, mazoezi ya igizo. Kwangu, yakiwa chini ya saa 12 kwa wiki, hiyo ni shahada ya kusoma maonyesho. Ni elimu ya heshima, ila haimtoi mwigizaji.

Kisha uliza idadi ya wanafunzi katika kipindi cha vitendo. Jozi moja ikiigiza dakika 5 na kurekebishwa dakika 10, robo saa imekwisha. Darasa la watu 16 ni jozi 8, zinatosha kipindi cha saa mbili na kila mtu ameguswa. Darasa la watu 60 ni jozi 30. Kipindi kikiwa kimoja kwa wiki, zamu yako inarudi baada ya karibu wiki nne. Katika muhula wa wiki 15 umesimama mara nne hivi. Kosa la pumzi lililoonekana mwezi wa kwanza linakuwa tabia kabla mwalimu hajalirudia.

La mwisho: hadi anahitimu, atakuwa ameigiza mbele ya watazamaji wasiomjua mara ngapi? Wenzake wa bweni wanacheka hata pasipochekesha, kwa hiyo hawamfundishi chochote.

MSHAURI WA UDAHILI (Dodoma)
Naomba niweke njia sawa, maana wengi wanadhani diploma inafunga mlango. Kidato cha nne mwenye D nne au zaidi, bila kuhesabu masomo ya dini, anaweza kuanza cheti ngazi ya 4 na kumaliza diploma ngazi ya 6 kwa miaka mitatu. Akipata GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 anaomba digrii. Jumla miaka sita. Anayepitia kidato cha tano na sita anatumia miwili, kisha mitatu ya digrii: jumla mitano. Tofauti ni mwaka mmoja tu, na wa kwanza anatoka na miaka mitatu ya vitendo mkononi.

Kwa aliyekwisha kumaliza kidato cha sita na principal pass mbili (ufaulu wa A hadi E katika masomo makuu) hesabu inageuka. Kumrudisha diploma ni gharama kubwa. Na mikopo ya diploma, ilipoanza 2023/2024, ililenga fani chache za kipaumbele kama afya na ualimu wa sayansi. Familia isiyo na ada iliangalie hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Mwalimu, jambo moja: digrii ya maonyesho peke yake haimfanyi mtu mwalimu wa shule. Lazima aongeze masomo ya ualimu.

MTAYARISHAJI WA FILAMU (Nairobi)
Mwongozaji anapima jukwaa tu. Kazi nyingi za kulipwa huku kwetu ni za kamera, na waliofunzwa jukwaani peke yake wanatupa shida zinazojulikana: nyusi zinapanda kupita kiasi kamera ikiwa karibu na uso, sauti inajaza chumba wakati maiki iko shatini. Tena hawajui kurudia. Ukiinua kikombe kwa mkono wa kushoto kwenye neno fulani, utakiinua hivyo hivyo kila tunaporudia kushuti, la sivyo vipande havishonani kwenye uhariri. Kuna pia alama ya sakafuni: unatakiwa usimame juu yake bila kuitazama, ukikosea hatua moja umetoka kwenye fokasi.

Kwa hiyo uliza kamera ngapi zinafanya kazi, na wanafunzi wangapi wanagawana moja. Kwenye usaili sijaona anayeuliza cheti. Tunaomba klipu za dakika mbili.

MWALIMU WA SAUTI (Mombasa)
Nyote mmeruka sauti. Muulize mkuu wa idara: nani anafundisha sauti, na kwa mihula mingapi? Mhula mmoja ni kuonja tu. Asiyefunzwa anasukuma kutoka kooni, na kufika onyesho la tatu amekauka. Halafu Kiswahili chenyewe: mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mwigizaji anayeishiwa pumzi humeza ile ya mwisho, ambako mara nyingi ndiko maana iliko. "Amepiga" na "amepigwa" hazitofautiani mtu akimeza mwisho wa neno.

MLETA MADA
Nimekubali kwenye ualimu, na kwa kidato cha nne hesabu ya miaka imenigusa. Kwa kidato cha sita bado nasema digrii. Sasa nipeni la kufanya: mtoto anajiandaaje kwa usaili?

MWONGOZAJI WA JUKWAA
Kwa kidato cha sita tunakubaliana, mradi chuo kipite kwenye vile vipimo. Kwa usaili: vipande viwili vinavyotofautiana, kimoja kizito na kingine chepesi, kila kimoja kisizidi dakika mbili. Wahusika wawe wa rika lake. Kijana wa miaka 19 akiigiza mzee anatuonyesha mgongo uliopinda na si zaidi. Asichague kipande kinachoanza na kilio, kwa sababu hakuna pa kupanda tena. Asiwakodolee macho wasaili. Mhusika wa kufikirika anayezungumza naye amweke juu kidogo ya vichwa vyao. Na ajiandae kuambiwa "rudia, lakini safari hii unamnong'oneza mtoto aliyelala." Anayerudia vile vile alivyokariri ndiye anayekosa nafasi.