Mafuta ya karafuu kuzuia ukungu kwenye machungwa, kuna aliyejaribu?

ChungwaMuheza:
Wakuu heshima kwenu. Mi nachukua machungwa Muheza nauza Dar. Juzi nimeshusha mzigo, nafungua gunia la tatu nakuta chungwa moja katikati limeoza, pembeni ukungu mweupe katikati unga wa kijani, nilivyoligusa tu ule unga ukapaa ukatua kwenye mengine na yaliyokuwa yamelilalia yalishalainika kama yamechemshwa. Nimetupa karibu robo ya gunia, imeniuma sana. Dawa za kuchovya za viwandani sizitaki maana nina wateja wanaotengeneza jemu na maganda yenyewe. Nasikia mafuta ya karafuu, mchaichai na mdalasini yanazuia ukungu, kuna mtu kayatumia kwa mikono yake? Unachanganyaje?

Makonyo_Pemba:
Ndugu yangu karafuu ndo kwetu, pale Wawi Chake Chake kuna kiwanda kinatoa mafuta kwenye makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Kinachopiga ukungu mle ni yujenoli, hiyohiyo wanayotumia madaktari wa meno, inaharibu utando wa seli ya ukungu vilivyomo ndani vinavuja. Ila usimwage tu mafuta kwenye ndoo ya maji ukachovya!! Yanaelea juu, tunda la kwanza linatoka na mafuta matupu la mwisho halipati kitu. Mimi nilifanya hivyo kwa ndimu, kesho yake zina madoa ya kahawia kama zimechomwa na sigara. Tafuta Tween 80, kimiminika cha kufanya mafuta yachanganyike na maji, wanaotengeneza losheni wanaijua, koroga na mafuta kwanza ndo uongeze maji kidogokidogo mpaka yawe kama maziwa. Na uanze na machungwa kumi tu, mi nilianza na mililita 2 kwa lita, usikurupuke na gunia zima.

Shamba_ni_Mali:
Kwani kuna haja ya kununua? Maganda ya chungwa yenyewe yana mafuta kibao, kamua hayo upake, bure kabisa.

BwanaShambaMstaafu:
Hapana mkuu, hapo utamlisha adui. Huo ukungu wa kijani unaitwa Penicillium digitatum na umezoea machungwa kuliko tunda lolote, ganda likichubuka harufu ya mafuta yake ndo inauamsha uote. Chungwa zima lisilo na jeraha unaweza kulipaka unga wa kijani na lisioze, unapita kwenye kidonda. Kwahiyo ChungwaMuheza kabla ya mafuta niambie, wachumaji wako wanatumia nini? Wakitikisa matawi machungwa yakadondoka chini au wakivuta mpaka kikonyo kinang'oka na kipande cha ganda, hata ukiyaogesha karafuu utaoza nayo. Mkasi, kikonyo kikatwe kifupi maana kirefu kinatoboa jirani yake humo guniani, na wachumaji wenyewe wakate kucha zao. Halafu kuchovya iwe ndani ya saa 24 toka kuchuma, ukungu ukishaingia ndani mafuta ya juu hayaufikii. Ukitaka kitu rahisi zaidi, beking soda gramu 30 kwa lita inasaidia, na maji ya moto kama nyuzi 50 dakika mbili tatu, ila uwe na kipimajoto, ukikisia kwa kidole utayapika.

DadaWaMatunda:
Naongezea kuhusu harufu, mi niliweka pamba yenye mafuta ya karafuu kwenye boksi lililofungwa, mvuke ndo ufanye kazi bila kulowesha. Ukungu ulipungua kweli lakini mteja akanirudishia, anasema machungwa yananuka meno 😢 Mchaichai ndo nimeuhamia, harufu yake inaendana na chungwa na kwa sisi wa juisi hakuna aliyelalamika. Haudumu lakini, mvuke unaisha baada ya siku chache, kwa safari ya Muheza Dar unatosha, kwa kuweka stoo wiki tatu hapana.

ChungwaMuheza:
Asanteni sana wote. Bwana shamba umenigusa penyewe, wale vijana wanapanda juu wanatikisa na mimi nilikuwa nasimama chini nahesabu magunia. Jumamosi naenda na mikasi minne, nitayatenga mafungu matatu, la mchaichai, la beking soda na lisilowekwa kitu, yote ya mti mmoja, nitaweka picha hapa kila baada ya siku mbili. DadaWaMatunda ulitia pamba ngapi kwa boksi?

DadaWaMatunda:
Moja ndogo katikati, matone kumi, boksi la kilo 15. Isiguse tunda, ifunge kwenye kitambaa.