Gari limetangazwa hasara kamili: nikabidhi, nibaki na mabaki au nipinge tathmini?

Mja_Safarini
Ndugu wanajamvi, gari langu liligongwa ubavuni, na kampuni ya bima imenijulisha kwamba hailitengenezi bali itanilipa thamani yake. Nimepewa njia mbili: kukabidhi gari na kulipwa fidia yote, au kubaki na mabaki, yaani gari lenyewe lilivyoharibika, na kukatwa thamani yake. Njia ya tatu, ambayo wao hawakuitaja, ni kupinga kiasi chenyewe, kwa sababu naona wamelithaminisha chini ya bei ya soko. Bima yangu ni bima kubwa, ile inayofidia hata gari langu mwenyewe, na gari halina mkopo. Naomba mnisaidie kupima.

Mzani
Pole sana, ndugu. Kabla ya kuchagua, uliza walitumia kipimo gani, kwa maana jibu lote linategemea hapo. Kampuni nyingi hujumlisha gharama za matengenezo na thamani ya mabaki, kisha zikiona jumla imezidi thamani ya gari kabla ya ajali, hutangaza hasara kamili. Chukua mfano wa gari la thamani 100, matengenezo 80 na mabaki 30. Ukibaki na mabaki utalipwa 70, ilhali kulitengeneza ni 80, na bado hujaondoa kile kiasi ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe. Kwa kipimo hicho, kubaki na gari ni hasara kila mara, isipokuwa una uhakika wa kulitengeneza kwa gharama ndogo kuliko makadirio yao.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo gari huhesabiwa hasara kamili mara tu matengenezo yanapofikia asilimia fulani ya thamani yake. Hapo hesabu inaweza kugeuka: thamani 100, matengenezo 65, mabaki 20, unalipwa 80, na ukishalitengeneza unabakiwa na 15.

Fundi_Bodi
Hesabu ya ndugu Mzani ni sahihi, lakini makadirio huandikwa kabla gari halijafunguliwa. Gari lililogongwa ubavuni naliogopa kuliko lililokwaruzwa bampa, kwa sababu nguzo ya katikati ya milango ikipinda, mlango unaweza kunyooshwa ukafunga vizuri na bado bodi ikawa imepoteza nguvu yake ya kumlinda abiria. Mifuko ya hewa iliyofumuka hubadilishwa pamoja na vihisio vyake, na mara nyingi mikanda pia. Usikubali mabaki kabla fundi unayemwamini hajalipima fremu kwa vifaa. Uliza pia kama hati ya gari itawekewa alama ya hasara kamili, kwani alama hiyo hushusha bei ya kuliuza, na baadhi ya kampuni hukataa kulikatia tena bima kubwa.

Hoja_kwa_Hoja
Mimi ningeanza na njia ya tatu, kwa kuwa kiasi cha kwanza ni pendekezo na kinajadilika. Omba nakala ya ripoti ya mtathmini uisome mstari kwa mstari: toleo la gari, mwaka, aina ya injini, kilomita zilizotembea. Nimeona ripoti ambamo gari la toleo la juu liliandikwa kuwa la toleo la chini, na kosa hilo pekee lilitosha kubadilisha malipo. Kusanya matangazo ya magari yanayofanana na lako pamoja na risiti za matengenezo makubwa, huku ukikumbuka kwamba bei ya tangazo huwa juu kuliko bei ya mauzo. Bei uliyonunulia haina nguvu hapa, na kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba kwa kawaida ni kikomo tu, isipokuwa mlikubaliana thamani maalumu.

Wakishikilia msimamo, lipia mtathmini huru, kisha peleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia bima. Usisaini hati ya kukubali malipo ya mwisho wakati bado unabishana. Uliza pia nani analipia maegesho ya gari huko lilikohifadhiwa, maana gharama hizo hupanda kila siku na zinaweza kukuangukia.

Mzani
Kwa wasomaji wenye mkopo: benki hulipwa kwanza, na fidia isipotosha, deni linalobaki ni lako.

Mja_Safarini
Nawashukuru sana. Nimekwisha kuomba ripoti na maelezo ya kipimo kwa maandishi. Mabaki nimeyaacha, kwa sababu watoto wangu hukaa upande ule ule uliogongwa. Kilichobaki ni kubishania thamani.