Redio ya zamani ya Toyota IST: kuiacha, redio mpya ya chapa, au skrini ya Android?

Mdau_IST
Wakuu, gari ni Toyota IST ya 2004, redio ni ile iliyokuja nayo kutoka Japan (CD na kaseti), spika ni za kiwandani. Natafuta FM zote za Dar, kuongea na simu bila kuishika, muziki kwa Bluetooth au USB, na sauti safi. Sitafuti kutikisa mtaa. Machaguo niliyo nayo:

1. Kuiacha redio, kufunga ekspanda ya FM na transmita ya Bluetooth kwenye tundu la sigara.
2. Redio mpya ya chapa inayojulikana, DIN mbili (saizi ile ya urefu mara mbili ya redio nyembamba).
3. Skrini ya Android ya inchi 9.

Ipi, na kwa nini?

waya_njano
Nianze na namba 1, maana wengi huifunga bila kupiga hesabu. Redio za Japan zinashika 76 hadi 90 MHz, zile za karibuni hadi 95. Huku kwetu FM ni 87.5 hadi 108. Ekspanda inakaa kati ya antena na redio, na kazi yake ni kuyashusha masafa yote kwa kiasi kimoja. Ya MHz 14 inakupa 90 hadi 104, ya 18 inakupa 94 hadi 108, ya 20 inaanzia 96. Kwa hiyo ukifunga ya 14, Clouds ya 88.5 inaangukia 74.5, ambako redio haifiki, na vituo vya juu ya 104 navyo huvipati. Hakuna ekspanda moja itakayokuletea bendi nzima kwenye redio yenye nafasi ya MHz 14 tu.

Transmita nayo inarusha hewani, kwa hiyo mawimbi yake yanapita antena na ekspanda kama kituo kingine chochote. Itafutie masafa matupu ndani ya dirisha la ekspanda yako, na kwa Dar yenye vituo vingi utahangaika. Ukiipata nafasi, FM yenyewe inaishia kHz 15 na mikwaruzo ya kelele iko pale pale. Kama redio ina tundu la AUX, tupa transmita, tumia kipokezi cha Bluetooth cha waya.

GerezaniSpea
Namba 2, bila kusita. Ila sikiliza vipimo kwanza. Tundu la Toyota lina upana wa mm 200 kwa 100, redio za DIN mbili za kawaida ni mm 178 kwa 100. Linabaki pengo la mm 11 kila upande. Nunua fremu ya Toyota au vibanzi vya pembeni siku hiyo hiyo, usisubiri fundi akukatie plastiki ya ndoo. Bracketi za chuma za redio ya zamani unazihamishia kwenye mpya kwa skrubu za M5 zenye urefu wa mm 8. Ndefu zaidi zinaingia ndani na kugusa saketi.

Nyaya: nunua plagi ya Toyota ya pini 10 na pini 6, usikate plagi ya gari. Rangi upande wa Toyota ni hizi:

- Bluu yenye mstari wa njano: umeme wa kudumu. Inaenda kwenye njano ya redio.
- Kijivu: ACC, yaani umeme unaokuja ukigeuza ufunguo. Inaenda kwenye nyekundu.
- Kahawia: bodi, yaani hasi kupitia chuma cha gari. Inaenda kwenye nyeusi.
- Kijani: taa za dashibodi.
- Spika ya mbele kulia: kijani mpauko chanya, bluu hasi. Mbele kushoto: pinki chanya, zambarau hasi.
- Nyuma kulia: nyekundu chanya, nyeupe hasi. Nyuma kushoto: nyeusi chanya, njano hasi.

Angalia hapo: nyekundu, nyeusi na njano za plagi ya Toyota ni za SPIKA. Fundi anayeunganisha rangi kwa rangi anaziunga nyaya za umeme za redio kwenye spika. Pima kwa multimita kila waya kabla ya kuunga, na toa hasi ya betri kabla ya kushika chochote.

Kosa lingine ni kuunganisha hasi za spika kwenye bodi. Redio za sasa zinasukuma pande zote mbili za spika, kwa hiyo hasi siyo bodi. Ukiigusisha na chuma unaua IC ya sauti.

Kiprono_NBO
Nakubaliana, ila tahadhari moja kuhusu redio za mtumba. Kuna skrini nzuri sana za Carrozzeria, ambayo ni chapa ya Pioneer ya soko la Japan. Zinauzwa kama mali ya maana, lakini FM yake ni ya Kijapani na menyu ni ya Kijapani. Unarudi kwenye ekspanda ulikotoka. Nyingine za navigesheni zikikosa umeme wakati wa kubadilisha betri zinajifunga na kudai kadi ya SD ya ramani, ambayo huna.

Kuhusu Android: usisome stika, fungua programu ya kupima vifaa ukiwa bado dukani. Skrini nyingi za bei ya chini zimeandikwa Android 13 na GB 4 huku ndani kuna Allwinner T3, prosesa ya viini vinne vya Cortex-A7. Hiyo ukifungua ramani huku muziki ukicheza inaanza kukwama. Yenye Unisoc UIS7862, viini vinane, inatumika vizuri, lakini bei yake tayari inakaribia redio ya chapa yenye Android Auto na CarPlay (zinazoleta programu za simu yako kwenye skrini).

Shida ya pili ni betri. Skrini hizi hazizimiki, zinalala ili ziwake haraka. Gari ikikaa imezimwa, jumla ya umeme unaovuja isizidi mA (miliampea) 50. Skrini ikikataa kulala inaweza kuvuta mA 300, sawa na Ah (ampea-saa) 7 kwa siku. Kwa betri ndogo ya Ah 35, hata siku tano haitoboi. Weka multimita kwenye tundu la 10A kati ya nguzo hasi ya betri na kebo yake, funga milango, subiri nusu saa, ndipo usome. Usiwashe gari wakati mita iko hapo, utachoma fyuzi yake.

SpikaOhm4
Mnabishania skrini wakati karatasi za spika za 2004 zimeshakauka. Badilisheni redio yoyote mnayotaka, sauti itatoka pale pale.

Maneno "50W x 4" ya kwenye boksi ni ya kilele. Fyuzi ya nyuma ya redio ni 10A. Zidisha kwa volti 14.4, unapata wati 144 zinazoingia, nazo si zote zinazotoka. Nguvu halisi ni wati 20 hivi kwa kila spika, iwe redio ya chapa au Android. Kwa hiyo tafuta spika zenye usikivu mzuri (zinazotoa sauti kubwa kwa wati chache), dB 90 kwenda juu, si zile zilizoandikwa wati 300.

Mlango wa mbele: spika ya zamani imepigwa ribiti, zitoe kwa keekee. Weka ringi ya mbao ngumu au plastiki, kisha shusha kioo hadi chini kabisa uone kama sumaku inakigusa, KABLA ya kufunga skrubu. Ile nailoni ya ndani ya mlango irudishe ilivyokuwa, ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiloweshe kava. Bandika karatasi za butili (mpira wa kunata unaozuia mtetemo) za mm 2 kwenye bati la nje, nyuma ya spika, na kuzunguka tundu la spika. Usitumie za lami: kwa joto la Dar gari ikiwa juani zinalainika na kuteleza. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango yaachwe wazi.

Mwisho, mwelekeo. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya za kila spika, chanya kwa chanya: koni isogee mbele. Moja ikirudi nyuma, besi inapotea na utadhani spika ni mbovu.

Mdau_IST
Asanteni. Basi namba 2 pamoja na spika za mbele. Nikiongeza amplifaya ya chaneli nne baadaye, wati 50 kila moja, niandae nini sasa?

waya_njano
Chukua redio yenye matundu ya RCA nyuma (ya kupeleka sauti kwenye amplifaya), volti 4 ni bora kuliko 2. Pitisha nyaya za RCA upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande mwingine. Waya wa umeme uwe wa geji 8, shaba tupu. Ukwaruze kwa kisu: ukiona rangi ya fedha ndani ni alumini iliyopakwa shaba, urudishe. Fyuzi ya 30A isizidi sm 45 kutoka betri. Waya wa bodi uwe mfupi, chini ya nusu mita, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Kuweka gaini (kitufe cha amplifaya cha kiwango cha sauti inayoingia): chomoa spika, cheza sauti ya majaribio ya 1 kHz redio ikiwa robo tatu, pandisha hadi multimita kwenye AC isome volti 14. Hiyo ni wati 50 kwa ohm 4.

GerezaniSpea
Niongeze hapo. Usichomeke wala kuchomoa RCA redio ikiwa inawaka, hasa Pioneer. Ndani kuna fyuzi ndogo sana kwenye njia ya bodi (hasi) ya RCA, ikikatika unapata mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Kupima: gusisha waya kutoka ganda la nje la RCA hadi kasha la chuma la redio. Mluzi ukikatika, ndiyo hiyo. Ukibaki, angalia waya wa bodi wa amplifaya.