Vikundi vya wadada wanaosoma sheria huku Kusini: tupeane uzoefu

Mmwera wa Nachingwea
Wakuu, salaam. Tangazo la kila mwaka limeshatoka: kikundi cha wadada wa sheria kinazinduliwa, sare elfu 25, keki, picha na mgeni rasmi. Ikifika Pasaka kikundi hakipo, zimebaki fulana. Mnaovijua vilivyodumu, semeni vilidumu kwa nini. Idadi, hela, ratiba. Hotuba zimetosha.

Binti Mikindani
Vinadumu vile vinavyoanzia meza ya kusomea. Meza ni watu watano. Wakifika saba, wawili wanageuka wasikilizaji, na hao ndio wa kwanza kuacha kuja. Kila mmoja anabeba kesi mbili kwa wiki na kuziandika upya kwa mkono, kesi moja ukurasa mmoja: yaliyotokea, swali lililokuwa mbele ya mahakama, uamuzi, sababu ya uamuzi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye alama. Hukumu zipo bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Mmoja apakue zote kwa intaneti ya chuo awarushie wenzake, bando la mtu lisiteketee.

Ijumaa swali moja la mtihani uliopita, dakika 45, simu chini, halafu mnabadilishana karatasi na kusahihishana. Anayeanza kueleza ni yule ambaye mada imemkalia vibaya. Kinara akianza, wote wanaitikia na hakuna aliyeelewa. Na muanze saa 9 alasiri, mmalize kabla ya magharibi. Waliopanga mbali, Naliendele huko, wakichelewa wanabaki na bodaboda wa gizani, na msichana akitishwa njiani mara moja harudi tena mezani.

Kaka wa Ligula
Watano, hapo umemaliza dada.

Msomi Mtulivu
Nyongeza kwenye "sababu ya uamuzi". Kila mahakama ya mfano (kesi ya mazoezi) ya talaka, mtu anasimama na kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, [1983] TLR 32, anasema mama alishinda. Hakushinda. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, lakini rufani yake yenyewe ilikataliwa, maana alishapewa na mumewe fedha za mradi wa familia akazitapanya. Asiyesoma hadi mwisho anakamatwa hapo na jaji wa mazoezi. Halafu msimame kwa lugha mbili: tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria, mtihani unaendelea kuwa wa Kiingereza.

Somo wa Chikongola
Mbali na meza, kila wa mwaka wa kwanza apewe somo wake, yaani dada wa kumfunda, kutoka mwaka wa tatu. Msimpe wa mwaka wa pili, huyo ana sapu zake, mitihani ya kurudia, za kuhangaikia. Somo mmoja, watoto wawili, basi. Wiki ya kwanza anamwonyesha mambo manne: usajili, maktaba, fomu za mkopo, na ofisi ya kupeleka shida. Baada ya hapo wanaonana mara moja kwa wiki, nusu saa, ana kwa ana. Somo wa kwenye simu tu hajui kama mwenzake amekula.

Mgeni Lindi Mjini
Neno la unyagoni mnalileta chuoni kwa nini? Wengine hatukuchezwa ngoma. Semeni mlezi.

Somo wa Chikongola
Somo ni neno la pwani nzima, hata kwa wasiochezwa. Mlezi anakulea, somo anakufunda na siri yako anaitunza. Kazi hapa ni ya pili.

Mgeni Lindi Mjini
Sawa, ila kikundi cha wote kitumie neno la wote.

Mhazini Masasi
Tuje kwenye hela, ndiko vikundi vinakofia. Watu 40 kwa 2,000 kwa mwezi ni 80,000. Miezi minane 640,000. Nusu haiguswi, ni ya dharura: mtu kaumwa, kafiwa. Nusu ya pili inakopeshwa kwa watu wanne, 80,000 kila mmoja, bila riba. Uhitaji mkubwa ni mwanzo wa mwaka. Minada ya korosho inaanza Oktoba, malipo ya mzazi mkulima yanapita kwanza AMCOS, chama cha ushirika, na chuo kinataka ada sasa hivi. Asiyesajiliwa anakosa majaribio, na alama za majaribio hazirudi. Kwa hiyo michango ya mwaka huu ndiyo mkopo wa mwakani, msiimalize kwenye sherehe ya kufunga. Hela isikae kwenye laini ya mtu mmoja. Tumieni akaunti ya kikundi ya simu ambayo haitoi mpaka watatu waidhinishe.

Kaka wa Ligula
Kukopeshana kunaua urafiki. Wapeni tu.

Mhazini Masasi
Ukigawa, mwezi wa tatu huna kitu. Aliyekopa anarudisha bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) likitoka, tarehe imeandikwa.

Makonde Newala
Mnabishana elfu themanini, kuna jambo lililozika kikundi kizima. Chuo sitaji. Msichana alidaiwa ngono na mtu mwenye mamlaka juu ya alama zake. Akamwambia katibu. Katibu, kwa uchungu, akarusha picha za meseji kwenye kundi la WhatsApp la watu 90. Hata saa haikuisha, mtuhumiwa ameshazipata. Akafuta zake, akawahi ofisini kulalamika kwamba anachafuliwa jina. Msichana akageuka mshtakiwa, mashahidi wawili wakajitoa, na kikundi kikapigwa marufuku kukutana. Kosa lake msichana ni lipi? Hakuna. Kosa ni kwamba kikundi cha wanasheria hakikuwa na utaratibu ulioandikwa.

Binti Mikindani
Dada wa watu. Inauma sana.

Mgeni Lindi Mjini
Angeanza na mkuu wa idara.

Msomi Mtulivu
Kama mkuu wa idara ni rafiki wa mtuhumiwa? Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Linapelekwa TAKUKURU, namba 113, bure. Utaratibu uwe hivi: wapokeaji wa malalamiko wawili tu, wanajulikana kwa majina. Siku ile ile mlalamikaji anaandika kwa mkono tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyosemwa. Meseji zibaki kwenye simu yake, hakuna kufuta hata zile za salamu. Simu haibadilishwi wala haiuzwi. Hakuna kurusha popote. Anasindikizwa na mmoja, na uamuzi wa kwenda ni wake. Na msitege mtego wenyewe, hiyo ni kazi ya wachunguzi. Ukiharibika, ushahidi umekwenda.

Somo wa Chikongola
Hapa ndipo neno somo linapofaa.

Mgeni Lindi Mjini
Nimekuelewa dada.

Kaka wa Ligula
Na wanaume tuingie?

Mhazini Masasi
Mezani na mahakama ya mfano, karibuni. Kamati ya malalamiko, hapana.

Mmwera wa Nachingwea
Asanteni. Na wakihitimu, kikundi kinaishia hapo?

Binti Mikindani
Kisiishie. Shule ya Sheria, anakopita mhitimu kabla ya kuwa wakili, ipo Dar, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na ndiyo inayokata watu: 2022, kati ya 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Anayekwenda peke yake hana meza. Wekeni daftari la waliotangulia, namba zihakikiwe kila Juni. Wanaokwenda mwaka mmoja wapange pamoja watatu, Sinza au Ubungo. Mmoja atangulie wiki tatu kabla akaone vyumba kwa macho, msilipe dalali kwa picha. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu hadi sita kwa mkupuo, kwa hiyo akiba ya chumba ianze mwaka wa nne, siyo siku ya mahafali.