Tupeane uzoefu: hadithi za majini watoto ulizosimuliwa, ulizosoma, au unazowasomea wanao

Mama Rahma, Tanga

Habari za jioni, wapendwa. Wakubwa shikamooni.

Wiki ya tatu sasa mwanangu halali mpaka nimsomee. Ana miaka kumi. Mjomba wake alipokuja likizo kutoka Uingereza alimletea kitabu cha kwanza katika vile saba vya P. B. Kerr, Children of the Lamp, vilivyotoka kati ya 2004 na 2011. Ni yule Philip Kerr mzaliwa wa Edinburgh, aliyesifika kwa riwaya za upelelezi za watu wazima, akafariki 2018. Kiingereza chake bado kinamzidi mtoto, kwa hiyo nasoma kimoyomoyo sentensi mbili tatu, halafu namsimulia kwa Kiswahili. Taa tumeshazima, tunatumia mwanga wa simu.

Kisa chenyewe: pacha wa miaka 12, John na Philippa, wanaishi New York na wazazi wao. Wanang'olewa magego ya mwisho, na kuanzia hapo mambo yanageuka. Mtumishi wa nyumbani anatamani mbele yao ashinde bahati nasibu, na anashinda kweli. Kumbe mama yao ni jini, baba binadamu, nao wamefuata upande wa mama. Mjomba wao Nimrod anawapokea London, kisha anawapeleka Kairo kuwafunza. Hawajui lolote. Wanakosea, wanachoka, na baridi inawamaliza nguvu kwa sababu asili ya jini ni moto. Rahma aliposikia hilo akasema, "Basi wangekuja Tanga mwezi wa pili."

Alichokipenda kuliko vyote ni hiki: kila jini mchanga hujichagulia neno lake la kukusanyia nguvu, neno ambalo halimponyoki mtu katika mazungumzo ya kawaida. Nimrod anatumia QWERTYUIOP, ule mstari wa juu wa kibodi. Rahma alifikiri siku mbili, akachagua lake: kindumbwendumbwe.

Sasa sababu ya kuleta mada. Huyu mtoto alikuwa haendi uani usiku. Choo chetu kiko nje, pembeni kuna mkwaju wa jirani, na tangu apate akili ameambiwa kwamba mkwajuni pana wenyewe. Kila usiku nilikuwa nasimama mlangoni na tochi. Juzi akatoka peke yake. Nikamfuata kwa macho dirishani. Alisimama chini ya ule mti, akasema taratibu, "Kama na wewe ni mtoto, usiogope, napita tu."

Nililia, jamani.

Naomba tupeane. Nani alikusimulia habari za jini aliye mtoto, si yule wa kutishia watoto? Na ilikufanya nini?

Mjukuu wa Konde

Mama Rahma, umenikumbusha mbali. Bibi yangu wa Konde, Pemba, alikuwa na hadithi moja tu ya mwaka mzima. Paukwa, pakawa, kisha: palikuwa na mtoto wa kijini aliyetumwa na mama yake kuazima kaa la moto.

Vijana wa leo hawakukuta mambo ya kuazima moto. Jiko likizima, mtoto hutumwa kwa jirani na kifuu au kigae, anapewa kaa, anarudi mbio kabla halijafa. Basi huyu naye alikuja magharibi imeingia, akabisha hodi, akaamkia kama mtoto yeyote mwenye adabu. Mwenye nyumba akamwambia aende jikoni akachukue. Binti wa nyumba, Mize, akamwona analitia kaa kiganjani bila kigae. Mize hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Utaungua." Yule akajibu, "Mimi huungua kwa maji."

Kila usiku bibi alitupa kipande kingine cha urafiki wao. Walicheza kujificha, na Mize akamwekea sharti asitoweke kwelikweli. Walikwenda kuokota kombe maji yakitoka, na yule mtoto akabaki juu ya mchanga mkavu akimshikia Mize kanga, kwa maana maji ya pwani hayachezewi na wa moto.

Kinachonirudia mpaka leo ni kwamba mama wa yule jini alimtisha mwanawe kwa habari zetu. "Usitoke mchana, binadamu watakuona." Bibi aliyasema hayo kwa sauti ile ile aliyotutishia sisi. Nilikuwa na miaka minane. Nikalala nikijua kuna mtoto upande wa pili aliyejifunika gubigubi kwa kuniogopa mimi, nami sina ubaya naye wowote.

Bibi alifariki 2011 na hadithi haikuisha. Kila nikiuliza Mize na mwenzake waliishia wapi, alisema bado wanakua.

Baba Junior, Morogoro

Mimi nina la tofauti na naomba lisikike. Mwanangu alikuwa na miaka mitano nilipomsimulia jini wa kwenye chupa. Nilitia sauti nzito, nilizima taa, nilitaka afurahi. Alianza kukojoa kitandani na akakataa kunywa maji ya chupa miezi miwili. Mama yake ndiye aliyegundua sababu, si mimi. Tuliacha kabisa. Alipofika miaka tisa tukarudi, safari hii akinisomea yeye, nami nikisikiliza, na akifika pa kutisha anafunga kitabu mwenyewe. Tafadhalini tazameni umri, na mtoto awe ndiye mwenye kufunga kitabu.

Maalim wa Kilwa

Asalaam aleikum. Nafundisha chuoni watoto wa miaka sita hadi kumi na tatu, na swali hili wazazi huniletea kila mwaka.

Kwetu sisi majini si wa kubuni. Tumesoma katika Suratur Rahman kwamba waliumbwa kwa moto usio na moshi. Sura ya 72, yenye aya 28, imepewa jina lao, na inaanza na kundi la majini waliosikiliza Qur'ani wakaamini. Katika Suratun Naml kuna ifriti aliyejitolea kumletea Nabii Suleiman kiti cha enzi cha malkia wa Sabaa kabla hajainuka mahali pake. Vitabu hivyo alivyovitaja Mama Rahma nimevipitia kwa mpwa wangu. Nikiona makabila ya Ifrit, Marid, Jann na Ghul najua mwandishi alichota kisima gani, ingawa kuyapanga makabila sita, matatu mema na matatu maovu, ni mpango wake mwenyewe.

Sikatazi hadithi. Ninachoangalia ni mtoto anafunzwa kuomba kwa nani. Mwaka juzi kijana wangu mmoja alisugua birika la mama yake mpaka mikono ikachubuka, analia, kwa kuwa baba yake alikuwa mgonjwa. Nilikaa naye barazani mpaka adhana ya magharibi. Toka siku hiyo, kabla ya hadithi yoyote ya jini nawaambia watoto: huyu ni kiumbe kama wewe, naye ana wa kumwomba. Hizi za majini watoto zimenisaidia, maana ndani yake jini naye anatumwa, anakanywa na mama yake, anakosea na kujuta. Mtoto hawezi kumwabudu mwenzake anayeogopa mtihani.

Mzee wa Maktaba, Dodoma

Wangu wa kwanza ni Huria, katika Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka 1952. Tulikisoma darasani kwa zamu, nakala moja watoto wanne, mwenye kukaa katikati ndiye mwenye bahati. Wenzangu walivutwa na wale ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Mimi nilivutwa na Huria kwa sababu alikuwa binti wa watu: ana baba, ana kwao, ana fadhila anayotaka kuilipa. Shina la kisa limetoka Alfu Lela Ulela, ambako ndugu hao wamekuwa mbwa, lakini Shaaban Robert alilipanda kwetu likaota kama la kwetu.

Linganisheni na jini wa taa ya Aladini. Kisa kile Mfaransa Antoine Galland alikisikia Paris mwaka 1709 kwa Hanna Diyab, msimulizi kutoka Aleppo, akakitia katika tafsiri yake. Jini yule hana jina, hana mama, hana umri. Hata yale matakwa matatu yanayosemwa sana hayamo humo. Anatumwa tu, bila hesabu. Nilipokuwa mtoto nilitamani Aladini amuulize japo mara moja kama amekula.

Binti Maskati

Bibi yetu alizaliwa Unguja, akatulea huku Oman kwa Kiswahili. Tukisafiri kwenda Bahla, mji ambao Oman nzima inaujua kwa habari za majini, tukishaiona ngome yake alikuwa akisema, "Salimieni na watoto wao, nao wamekaa nyumbani likizo hii." Sisi wanne kiti cha nyuma tunapunga mikono. Nina miaka 34, bado napunga.

Mwalimu wa Gredi ya Tano, Kilifi

Nimesoma yote kwa furaha. Acheni niwape ya darasani kwangu, na mnisamehe urefu.

Muhula uliopita niliwapa insha: "Mimi ni jini mwenye umri wa miaka kumi." Niliwapa masharti matatu. Waseme jini huyo hawezi kufanya nini, anamwogopa nani, na mama yake amemkataza nini. Nilitaka wasije wote na kasri la dhahabu. Wako 41.

Mmoja aliandika jini anayeishi ndani ya chupa ya chai ya kibanda cha mama yake, na amekatazwa kuonja mahamri ya wateja. Mwingine jini wake hawezi kusema uongo, kwa hiyo hapelekwi dukani kukopa. Kuna aliyeandika kwamba jini wake anaweza kujenga ghorofa usiku mmoja lakini hajui kufunga kamba za viatu, na anaona aibu kuuliza. Hiyo nilijua imetoka wapi. Nilimwita mtoto huyo pembeni saa ya mapumziko, tukafunza vidole vyake polepole.

Lakini iliyolinyamazisha darasa ilitoka kwa msichana ambaye hainui mkono. Jini wake anaishi kwenye karabai ya babu. Kila jioni babu akipiga pampu, jini anaamka, anakaa ndani ya utambi, anasikiliza mazungumzo ya nyumba ile na kuwajua wote kwa sauti. Kisha stima ikafika kijijini. Watu wakashangilia, nguzo zikasimamishwa, na karabai ikawekwa uvunguni mwa kitanda. Jini akangoja jioni saba. Ya nane akatoka, akapita nyumba kwa nyumba akichungulia, kila mahali ni balbu, na kwenye balbu hapana mlango wa kuingilia. Akashuka mpaka pwani. Huko akaona taa nyingi juu ya maji: wavuvi wa dagaa na karabai zao. Na yeye ni wa moto, na mama yake amemkataza jambo moja tu maishani, asiende baharini.

Sentensi yake ya mwisho: "Akatazama nyuma, akatazama mbele, akavua viatu."

Alisoma mwenyewe, sauti ikitetemeka. Nilimpa kumi juu ya kumi. Wenzake walimzunguka wakimdai kilichofuata, akasema karatasi iliisha. Kwao kweli walivutiwa stima mwaka jana, na babu yake hayupo tena.

Mjukuu wa Konde

Mwalimu, mimi huungua kwa maji. Nimesoma mara tatu.

Mama Rahma, Tanga

Mwalimu, ahsante sana, na umfikishie binti salamu zetu. Usiku huu hatukusoma kitabu, nilimsomea Rahma hadithi yake. Alikaa kitako kitandani. Ana maswali mawili na ameniambia nisilale kabla sijayaandika. La kwanza, yule mvuvi anajua kwamba kuna mtu ndani ya karabai yake? La pili, viatu aliviacha wapi, maana maji yakijaa vitachukuliwa.

Mwalimu wa Gredi ya Tano, Kilifi

Nitamuuliza Jumatatu. Nimemnunulia daftari jipya la kurasa 96.