Uzi: Je, ni kosa kuchora ndani ya daftari ninalolisoma? Naomba ushauri

Kalamu Butu: Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, karani wa mizani katika ghala la mazao hapa Morogoro, na nina tabia moja ambayo imeanza kuniletea maneno nyumbani: siwezi kusoma bila kuchora. Tangu shule ya msingi, mkono wangu ukikaa bure, macho nayo hayashiki maneno. Nikisoma habari ya mtu anayechimba shimo, nitamchora pembeni pamoja na jembe lake na shati lililomganda mgongoni. Kwa miezi minne sasa nasoma daftari moja la zamani lililoandikwa kwa mkono, na nimelijaza picha. Dada yangu amelikuta, na tangu Jumapili hatusemezani. Swali langu ni fupi: msomaji anayechora ndani ya anachokisoma anakiharibu, au ndiye anayekisoma vizuri zaidi?

Mama Rafu: Nimefanya kazi ya maktaba miaka 22, mwanangu, na jibu langu ni kwamba anakiharibu. Hata hivyo, nikiri jambo moja. Kijana mmoja wa sekondari alirudisha kitabu cha kemia akiwa amechora mchezaji wa mpira kwenye pembe ya kila ukurasa, hata ukizipitisha kurasa haraka kwa kidole gumba unamwona anakimbia, anapiga, na kipa anaruka upande usio wake. Nilimtoza faini. Kitabu hicho nilikifungia kwenye saraka yangu, na hadi ninastaafu sikupata moyo wa kukitupa.

Bwana Utani: Afadhali wewe unachora. Mimi nikifika ukurasa wa pili huwa nimeshaanza kukoroma. Ila tuambie, hayo magunia unayoyapima huyachori?

Fundi Jalada: Ndugu mleta uzi, umetueleza shati la mchimbaji lakini hukutueleza daftari ni la nani. Watu hawanuniani wiki nzima kwa ajili ya daftari la dukani.

Kalamu Butu: Ni la Baba. Alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima mkoani Iringa, na aliongoza kikundi cha kijiji kilichokutana jioni kusikiliza masomo ya redio na kuyajadili. Juu ya jalada ameandika mwaka 1971. Kila baada ya kikao aliandika nani alikuja, nani alisinzia, nani alibisha, na nani alichimba choo baada ya kubisha. Aliandika kurasa za kulia tu, akaziacha za kushoto tupu. Mimi nachora hizo za kushoto, kwa hiyo sioni nimemdhulumu nani.

Mama Rafu: Pole sana kwa kufiwa, mwanangu. Alichokiacha mzazi ni amana, na amana haichezewi hata kama ina nafasi tupu. Marehemu mama yangu aliacha khanga saba, na hadi leo hakuna aliyethubutu kuzikata.

Fundi Jalada: Mimi najalidi vitabu, kwa hiyo naomba nijibiwe swali la kifundi: ulitumia penseli pekee? Penseli hufutika, lakini wino kwenye karatasi ya umri huo hupenya hadi upande wa pili.

Kalamu Butu: Niwieni radhi, maana nimewaacha mtoe pole isiyostahili. Baba yu hai, nami naishi naye. Presha ya macho ilimwondolea uwezo wa kuona, na ndiyo sababu namsomea daftari lake kila Ijumaa baada ya chakula cha jioni. Aliwahi kuniuliza nakwaruza nini, nikamwambia napigia mistari. Kuhusu wino, ni ukurasa mmoja tu, wenye majina tisa ya watu waliomaliza vyoo kwanza. Nilimchora mzee anayepanda kutoka shimoni, nikasahau kwamba nimeshika kalamu ya wino, na mgongo wake ukafunika majina. Nilipoufikia Ijumaa iliyopita niliyataja niliyoyakumbuka. Baba alihesabu kwa vidole akasema, “Umetaja watano.” Nikamwambia mchwa wamekula karatasi. Dada anataka nimweleze ukweli, lakini kwa maoni yangu kumwambia ni kumuumiza bila faida, na nimeshaamua kwamba tukimaliza daftari hili nitalifungia.

Shahidi wa Pili: Wenzangu, hii ni chai, na sukari imezidi. Kampeni ya redio iliyowachimbisha watu vyoo ni Mtu ni Afya, nayo ilikuwa mwaka 1973. Huyo baba wa 1971 alichimbisha vyoo vya kampeni gani? Mleta uzi anatunga hadithi na anatutumia sisi kuipima. Alete picha ya ukurasa.

Bwana Utani: Picha ya mchwa nayo tunaiomba.

Mzee wa Redio: Shahidi, mwaka ulio juu ya jalada hueleza daftari lilianza lini, haukuelezi liliisha lini. Mtu ni Afya haikuwa ya kwanza. Mwaka 1970 kulikuwa na Uchaguzi ni Wako, na mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, kulikuwa na Wakati wa Furaha. Kikundi kilichoanza na hiyo kingeweza kabisa kufika kwenye vyoo. Mimi nilikuwa mtoto wa kushika waya wa redio juu ya mti, na nilishushwa somo likiisha. Kama kijana anatunga, basi ametunga jambo ninalolijua. Mdogo wangu Kalamu, hayo majina hayajapotea, kwa kuwa aliyeyaandika umekaa naye nyumba moja. Muulize, uyaandike.

Kalamu Butu: Shikamoo, mzee wangu. Picha sitaleta, na asiyeamini simlaumu. Nimemuuliza jana usiku. Ametaja wanane, nami nimeyaandika kwa penseli ukurasa wa kushoto. Wa tisa amesema atamkumbuka kesho, kisha akaniuliza kama wale mchwa wamemchora yule mzee akiwa na kofia, kwa sababu siku hiyo alikuwa nayo.