Anthropolojia na kazi ya afya, wapi na wapi?

Mama Rukia, Kisauni
Assalam aleikum. Binti yangu amepasi vizuri, babake ashamtafutia nafasi ya unesi. Sasa yuwataka anthropolojia, ati masomo ya maisha na mila za watu, na adai hiyo nayo ni kazi ya afya: ya watu, mifugo, hata mazingira. Mie muuza viazi karai, haya siyaelewi. Asiyeshika sindano atamtibu nani?

Kombo wa Majengo
Waaleikum salaam, mamangu. Mimi mhudumu wa afya wa mtaa. Dengi, homa iletwayo na mbu, iliwahi kutuvamia hapa Mombasa 2013, ikarudi 2017. Ujumbe ni uleule: mwageni maji yaliyotuama. Haya, mfereji haujatoa kitu siku kadhaa, mtu kanunua mitungi kwa mkokoteni, ndiyo nimwambie amwage? Hata mie nisingemwaga.

Tena kumwaga peke yake hakutoshi. Mayai ya mbu huyu hugandia ukutani mwa pipa na hustahimili ukavu miezi. Ukijaza tu, yaanguliwa. Lazima pipa lisuguliwe. Sasa ingia nyumba ya vyumba sita, pipa moja uani. Wote wachota, nani asugue? Mpangaji mgeni? Mwenye nyumba, ambaye haonekani ila tarehe ya kodi? Na chandarua chasaidia usiku, huyu auma mchana. Mbu mwenyewe, watu wa maabara washamjua. Mambo ya pipa yataka mtu wa kukaa uani akasikiliza, na binti yako ndiyo atakayofundishwa.

Daktari wa Ng'ombe
Nami naongeza. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbu na kuwapata watu pia, ilipozuka kaskazini mashariki mwa Kenya mwishoni mwa 2006, wafugaji wa Kisomali walishaona dalili kabla yetu: mvua kupita kiasi, mbu tele, mifugo kutupa mimba. Sisi tulingoja maabara. Nasema kama daktari wa mifugo: tulikosa watu wa kuwauliza wafugaji mapema.

Mama Rukia, Kisauni
Ahsanteni, la pipa limeniingia, uani kwetu ni ugomvi huohuo. Lakini huyo wa kusikiliza huajiriwa na nani?

Kombo wa Majengo
Hapo sikufichi, mama. Taasisi za utafiti huwachukua, hata KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, kule Kilifi wako, lakini nyingi ni kazi za mradi: mradi ukiisha, mkataba umeisha. Asome na takwimu juu yake. Na babake asikasirike, unesi hautoroki.